Njia ya Mchanga Mweupe

Kabla ya saa nne asubuhi Mama alikuwa ameshaomba mara sita kupelekwa nyumbani, na nyumbani ndiko alikokuwa. Kochi ni lake, mapazia aliyashona mwenyewe, hata ufa wa dari ya sebuleni aliujua kuliko mafundi wote waliowahi kuushindwa. Lakini kila nilipogeuka nilimkuta mlangoni, mkoba begani, anahangaika na komeo. Ndani ya mkoba alikuwa ametia kiatu kimoja, rimoti ya televisheni na kitunguu.

"Mama, safari ya wapi?"

"Nyumbani. Nikichelewa watanigombeza."

"Nyumbani ndiyo hapa."

Alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyelewa mchana. "Hapa ni pazuri," alisema, "na mmenitunza vizuri. Ila si kwetu."

Sitajifanya mwema. Nilikuwa namkasirikia. Miaka minne tangu kumbukumbu zianze kumtoka, ni mimi niliyemwogesha, niliyemkata kucha, niliyembembeleza kwa maneno matamu mpaka ameze vidonge. Na kila siku ya Mungu ananiaga kama mwenye hoteli. Huko nyumbani anakokulilia, mimi siko. Hilo ndilo lililoniuma, wala si kukimbizana naye mlangoni.

Mara mbili alinichoropoka. Ya pili mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme na siku hiyo alikuwa juu ya nguzo, alimwona kutoka hukohuko juu, anavuka barabara ya malori na mkoba wake. Sijui alishukaje bila kuvunja mguu. Alimleta nyumbani kamshika mkono.

"Dada, ya tatu tutamwokota," aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini.

Nilimwambia anyamaze. Lakini alikuwa amesema kweli, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: Mama abaki ndani ya nyumba, karibu na mimi.

Kazi yangu ni kupamba matangi ya samaki. Naenda kwa daktari wa meno, kwenye ofisi za mawakili, kwenye saluni za wanawake wenye haraka, nawapangia mawe na mimea ndani ya maji mpaka mtu aliyekuja kung'olewa jino asahau kilichomleta. Watu wanadhani kazi ni samaki. Samaki ni wapangaji tu. Kazi ni nyumba. Na sasa nitasema aibu yangu: tangi la kwetu sebuleni, la lita hamsini, lilikuwa dampo. Kioo kimeota mwani wa kijani, mimea imejiotea ovyo, na katikati kumesimama kasri la plastiki la rangi ya waridi ambalo mdogo wangu alilinunua makusudi ili kuniudhi.

Nilichokiona ni hiki: kila Mama alipokuwa anaelekea mlangoni, akifika kwenye tangi alisita. Kidogo tu, kama mtu aliyesikia akiitwa. Nikajiambia, ikiwa dampo linamsimamisha kwa dakika moja, kazi nzuri itamkalisha kwa saa nzima.

Jumamosi moja tuliingia kazini. Mdogo wangu alishika mpira wa kunyonyea maji, mimi nikawahamishia samaki kwenye ndoo: kumi na wawili wadogo wenye mstari mwekundu ubavuni, na konokono watatu. Kasri lilikwenda kwenye taka bila sala. Nilikwangua kioo, nikabandika karatasi nyeusi kwa nyuma, kisha nikaanza uongo wangu. Maana kazi hii ni uongo, nasema wazi. Udongo unauweka kidogo mbele, kimo cha vidole viwili, halafu unaupandisha taratibu mpaka nyuma ufike shibiri. Jiwe kubwa huliweki katikati. Unalisogeza pembeni kidogo, na wenzake wadogo wanalifuata kurudi nyuma. Mimea ya majani mapana mbele, ya majani madogomadogo nyuma kabisa. Kitu cha mbali huonekana kidogo, kwa hiyo ukiweka kidogo nyuma, jicho linajidanganya lenyewe kwamba pale ni mbali. Tangi ambalo ukitia mkono unagusa ukuta wa pili linageuka bonde.

Mwisho nikaweka njia. Mchanga mweupe, laini, mbele upana wa kiganja, ukienda unapungua, unapungua, mpaka unabaki upana wa kidole, unapinda nyuma ya jiwe kubwa na kupotea.

"Sasa hiyo njia inakwenda wapi?" aliuliza mdogo wangu.

"Inakwenda kwenye kioo, Profesa. Kamua tambara."

Mama alitoka chumbani na mkoba wake, akaanza safari ya mlangoni. Alipofika kwenye tangi alisimama. Alilitazama muda mrefu. Kisha akavuta kiti cha mbao, akakaa, akaweka mkoba sakafuni.

"Kumbe ni huku," alisema.

Hakuinuka mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za raha kuliko zote nilizowahi kupata katika miaka minne. Komeo lilipumzika. Mama akiamka anakunywa chai, anakwenda kwenye kiti chake, anakaa mikono magotini, macho kwenye maji. Nilirudi kupokea simu za wateja. Nilipika bila kukimbia. Nilimringia mdogo wangu mpaka akaniomba nimpumzishe: wenzangu wanapamba matangi, mimi nimetibu mtu.

Alianza kunisimulia wakati nikimlisha. "Leo nimefika kwenye kona," alisema.

"Kona gani, Mama?"

"Ya jiwe. Ukipinda pale unaona nyumba yenye mlango wa kijani."

Nilicheka. Mlango wa kijani ulikuwa wa nyumba tuliyokulia, ambayo ilivunjwa siku nyingi. Nikafurahi kwamba ameikumbuka. Nikamwuliza kuna nani, akasema kuna mume wake anatengeneza kiti, na watoto wawili wanagombania kikombe. Nilijua ni sisi. Nusura nilie kwa furaha.

Kesho yake alipita nyumba ile bila kusimama. Alikuwa amefika mbele zaidi, kwenye chumba kimoja cha kupanga alichokaa alipoolewa, na akaniambia jina la jirani aliyekuwa akimwazima pasi. Siku iliyofuata alifika kwenye chuo alichosomea ukunga. Kila siku mbele zaidi, yaani nyuma zaidi. Na kila alipotoka huko alinitazama kwa muda kabla ya kunitambua, na muda huo ulikuwa unarefuka. Kuna siku aliniita shoga. Alinisimulia mambo ya mwanamume fulani anayemfuatafuata, akaniomba nisimwambie mtu. Mwanamume mwenyewe ni baba yangu. Nilimwahidi sitasema.

Bado sikuogopa. Niliogopa nilipomvua soksi.

Ilikuwa jioni, namwandaa kuoga. Soksi zilikuwa kavu kwa nje. Kwa ndani zilikuwa zimelowa chepechepe, na katikati ya vidole vyake kulikuwa na mchanga mweupe. Nilikaa chini na ule mguu mkononi. Tangi liko juu ya kabati, kwenye usawa wa kifua changu. Mama hawezi kupanda hata kizingiti bila kushikwa.

"Umekanyaga wapi, Mama?"

"Njiani," alisema, akanishangaa kwa swali la kijinga.

Nilikwenda kulitazama tangi kwa karibu, pua kwenye kioo. Juu ya mchanga kulikuwa na vishimo vidogo, kimoja kushoto, kimoja kulia, vikienda mpaka kwenye kona ya jiwe. Nilijiambia ni konokono. Nilijiambia hivyo kwa sauti, sebuleni, peke yangu. Konokono gani anayetembea kwa miguu miwili? Nilisawazisha mchanga kwa kibanio changu kirefu, nikafunika tangi. Asubuhi, Mama alipokuwa amekaa nusu saa tu, vishimo vilikuwa vimerudi. Na samaki wote kumi na wawili walikuwa wamejibana upande wa mbele, vichwa vimeelekea kwenye jiwe, kimya, hakuna hata mmoja aliyekwenda nyuma.

Nilimpigia mdogo wangu. Alicheka, akasema nimekaa sana na maji. Nikamkatia simu.

Siku ya kumi na saba, wakati wa chakula, Mama alisukuma sahani. Alikuwa amechangamka, macho yanang'aa, nadra sana kumwona hivyo.

"Kesho sirudi," alisema.

"Huendi popote."

"Leo nimeona paa la kwetu. Nikifika nitalala hukohuko, usinisubiri. Asante kwa yote, we dada. Una roho nzuri."

We dada. Sijui ni kitu gani kilichonipanda zaidi, woga au hasira. Miaka minne! Namwosha, namfuta, naamka akikohoa, halafu ananishukuru kama muuza duka. Nilikwenda kuosha vyombo, nikavigonganisha makusudi asikie kwamba nimekasirika. Niliporudi sebuleni alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea, macho nusu yamefumba. Nilidhani amesinzia. Nikapandisha mkono wa blauzi mpaka begani, nikachukua jiwe la ukubwa wa ngumi kutoka kwenye ndoo yangu ya kazi, nikalitia ndani ya maji na kulishindilia kwenye kona, pale njia inapopinda. Nilililaza kwa nguvu mpaka likazama udongoni. Njia ikafungika.

"Haya," nilisema. "Tuone."

Mkono wa Mama ulianguka kutoka gotini na kuning'inia.

Nilimwita. Nilimtikisa. Macho yake yalikuwa wazi sasa, na pumzi ilikuwa inaingia na kutoka vizuri kabisa, lakini nyuma ya macho hapakuwa na mtu. Nimemwona Mama akiwa amesahau, akiwa amekasirika, akiwa na homa. Sikuwahi kumwona akiwa hayupo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amesinzia. Alikuwa ng'ambo ya jiwe, na mimi nilikuwa nimemfungia huko.

Nililing'oa lile jiwe kwa mikono miwili, maji yakamwagika mpaka kwenye zulia. Na kwa pupa yangu nikaharibu kila kitu: mteremko wote wa nyuma ukaporomoka, udongo mweusi ukamwagikia mchanga, mimea ikaelea na mizizi yake. Maji yakawa kahawia. Yalipotulia jioni, njia haikuwepo tena.

Mtu yeyote wa kazi yangu anajua: huingizi mkono majini kabla ya kupiga picha. Mbele, ubavuni, juu. Kwa wateja napiga hata tano, maana ukihamisha jani moja tu huwezi kulirudisha lilipokuwa kwa kukumbuka. Tangi la nyumbani kwangu sikulipiga hata moja. La nyumbani utalipigia picha ya nini, si unaliona kila siku?

Daktari alimpima, akampiga picha ya kichwa, haikuonyesha kitu kipya. Huenda ni kiharusi kidogo, alisema, huenda ni ugonjwa wenyewe unasogea. Mrudisheni nyumbani, mlisheni kwa kijiko, mzungumze naye. Mdogo wangu alichukua likizo. Alikaa upande mmoja wa kiti, akimsimulia habari za nyaya na mita, na mimi nilikuwa upande wa pili na mikono majini.

Nilijenga njia ile mara nne. Mara ya kwanza ilipinda mapema mno. Ya pili jiwe lilikuwa limegeuka uso. Kila nikimaliza nilimsogeza Mama mbele ya tangi, tukangoja asubuhi nzima, na mchanga ulibaki sawasawa kama nilivyouacha. Samaki walikuwa bado wamejibana mbele.

"Dada," alisema mdogo wangu baada ya mara ya nne, "Mama anakufa, wewe unapanga mawe."

Nikamweleza. Kila kitu: soksi, vishimo, paa la kwao, jiwe. Nilidhani atanicheka au atanipiga kofi, na vyote viwili ningevikubali. Akaenda akachuchumaa mbele ya kioo, akatazama ndani kwa muda mrefu, huku mkono wake umeshika kifundo cha mguu wa Mama.

"Mlango wa kijani aliupita?"

"Aliupita siku ya pili."

"Na tulikuwepo? Mimi na wewe?"

"Tulikuwa tunagombania kikombe."

Alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akasimama na kukunja mikono ya shati. "Alikwenda mbali," alisema. "Basi ifanye ifike mbali. Usibahatishe, ifanye vizuri kabisa. Nitashika taa."

Nilifanya. Sijawahi kufanya kazi kama ile na sitafanya tena. Niliondoa kila kitu nikaanza na kioo kitupu. Udongo wa nyuma niliupandisha mpaka ukakaribia uso wa maji. Nilichagua mawe kwa saa nyingi, ya mwisho yakiwa madogo kama punje za mchele, nikayapanga moja moja kwa kibanio. Mimea ya nyuma niliikata kwa makasi mpaka jani lisionekane kuwa jani. Na mchanga, nilipoufikisha kwenye kona, nilikuwa naumwaga kwa ncha ya sindano. Nilipomaliza na kurudi hatua tatu nyuma, kizunguzungu kilinishika. Ilikuwa mbali. Mdogo wangu aliukodolea macho ule upeo, akashika ukingo wa kabati.

"Hapo," alisema. "Hapo atapata njia."

Tulimleta Mama, tukamkalisha, tukamfunika miguu kwa shuka. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka katikati ya sebule, samaki mmoja aliachana na wenzake. Akaogelea kwenda nyuma. Wa pili akamfuata. Nilimshika mdogo wangu mkono.

Kwenye kona, mchanga ulibonyea. Kishimo kimoja kushoto. Kimoja kulia. Vilikuwa vinakuja.

"Anakuja," alinong'ona mdogo wangu, machozi yanamtoka wala hayafuti. "Dada, anakuja. Mama, njoo, tuko hapa."

Mimi nilikuwa natazama vile vishimo. Vilikuwa vidogo. Vile vya kwanza vilikuwa vya kutosha kidole gumba. Hivi, hata vilipofika mbele kabisa, kwenye mchanga mpana, kidole cha mwisho kisingeingia. Na havikuwa vya mtu mzima anayejikokota. Vilirukaruka. Vilisimama kwenye jiwe, vikalizunguka, vikaendelea. Nikaikumbuka kazi yangu jinsi inavyofanya kazi: cha mbali huwa kidogo. Nilikuwa nimeirefusha njia mno.

Mama alivuta pumzi ndefu. Macho yake yalizunguka chumba, yakaona dari, mapazia, dirisha. Mtu alikuwa amerudi ndani yake, hilo halikuwa na shaka. Aliketi wima, mgongo umenyooka kama hakuwahi kuumwa nao, akaanza kuchezesha miguu chini ya shuka.

"Mama!" Mdogo wangu alipiga magoti mbele yake, anacheka na kulia. "Mama, umerudi!"

Alijivuta nyuma kidogo, akamtazama yule mwanamume mzima anayelia. Hakuogopa sana, alionekana kufundishwa vizuri. Alikusanya mikono mapajani, akaniinulia mimi uso, maana ndimi niliyekuwa nimesimama, akaona mwanamke mwenye mvi zilizoanza, mwenye nyumba.

"Shikamoo," alisema, kwa sauti nyembamba, safi, ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

Mdogo wangu aligeuka kunitazama. Alikuwa anangoja niseme kwamba sivyo.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu.